Samaki wa dhahabu wanahema juu ya maji, kamba wamepotea ndani ya siku nne. Nimekosea wapi?

#1 KimaraMwisho (Jumatatu, saa 1:40 asubuhi)
Wakuu, naombeni msaada wa haraka kabla sijawapoteza wote.

Binti yangu katimiza miaka saba na zawadi aliyoomba ni moja tu, samaki wa kufuga ndani. Nikaenda kwa fundi wa vioo akanitengenezea tangi la sm 60 kwa 30 kwa 35. Jumatano niliosha, nikaweka kokoto, pampu ndogo ya hewa na chujio la sponji, nikajaza maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha. Alhamisi jioni nikaleta samaki wa dhahabu watatu, urefu wa kidole, na kamba wekundu kumi, wale wadogo wadogo.

Leo asubuhi nimeamka samaki wote wako juu, midomo nje, wanabwia hewa. Maji yamepauka kama yametiwa tone la maziwa. Kamba niliowaona ni wawili. Mwingine kalala chini, mweupe, unaona hadi upande wa pili kama karatasi ya nailoni. Saba sijui walipo. Mtoto kaenda shule hajui kitu. Anarudi saa tisa.

#2 Mwanagenzi_Tz
Pole sana mkuu. Nakaa hapa nisome, maana na mimi tangi liko njiani.

#3 MzeeWaTangi
Pole ndugu. Kwanza huduma ya kwanza, maswali baadaye. Toa maji kama theluthi, rudisha mengine yenye joto lile lile na yasiyo na klorini, ile dawa ya kusafishia maji ya bomba. Ongeza nguvu ya hewa. Leo usiwape chakula kabisa, na kesho pia. Samaki hafi kwa kukosa kula siku tatu, ila hicho chakula kikioza kinamuua.

Kilichotokea nakifahamu maana mwaka wangu wa kwanza kilinimalizia samaki saba. Tangi lako ni jipya na jipya halina bakteria. Samaki anatoa amonia, ambayo ni sumu kwake, kupitia matamvua na kinyesi. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo haina ukali sana. Hao bakteria wanakaa kwenye sponji na kokoto, na kujijenga kwao kunachukua wiki nne hadi sita. Wewe umewapa siku moja. Huo weupe kwenye maji ni bakteria wa aina nyingine, wanaofumka pale chakula kilichobaki kinapooza.

Na samaki wa dhahabu si mnyama mdogo. Hana tumbo la kuhifadhi chakula kama sisi, kinapita tu kwenye utumbo. Ndiyo maana anakula kutwa na kuchafua kutwa.

Sasa niambie: mnawalisha mara ngapi? Na umepima chochote?

#4 ChugaBaridi
Kwa heshima zote kwa mzee hapo juu, mimi naona joto. Samaki wa dhahabu ni wa maji ya baridi. Wachina waliwafuga tangu enzi ya nasaba ya Song, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, kwenye mabwawa, na baadaye kwenye mitungi mikubwa uani. Maji yanayomfaa ni nyuzi 18 hadi 23. Kimara mwezi huu chumba kikifungwa maji yanafika 30. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba 7.5 hivi. Hapo hapo joto linamfanya samaki ahitaji oksijeni zaidi. Hewa inapungua, haja inaongezeka. Kubwia hewa juu ya maji ndiyo dalili yenyewe.

Mimi niko Arusha, nina wanne, mwaka wa sita huu. Hawajawahi kunipandia juu.

#5 TangaRaha
Kwa upande wa kamba msihangaike na kemia. Wameliwa. Samaki wa dhahabu anakula kila kinachoingia mdomoni, na kamba wa ukubwa huo anaingia bila kutafunwa. Aliyekuuzia hao wawili kwa pamoja alitaka kumaliza mzigo wake.

#6 KimaraMwisho
Nashukuruni. Nimebadilisha maji ndoo moja na nusu. Wawili wameshuka kidogo, mmoja bado yuko juu.

Mzee, kulisha: ukweli ni kwamba mtoto alikuwa anawapa kila akipita. Mara nne, tano kwa siku, na mikono yake haipimi. Kupima sijapima, sikujua kama kuna vipimo.

Maji yalilala usiku mzima kwenye ndoo zenye vifuniko, kwa sababu ya mbu.

#7 SilikoniMwandamizi
Hapo kwenye vifuniko nimesimama. Klorini inatoka kwenye maji kwa kwenda hewani. Ukifunika ndoo inakwenda wapi? Acha wazi saa 24, na ukitia jiwe la hewa ndani ni bora zaidi. Mwenye haraka anatumia sodiamu thiosalfeti, ile ile waliyotumia wapiga picha wa zamani kwenye chumba cha giza.

Lingine ni la kazi yangu. Mimi natengeneza matangi. Umeuliza fundi ametumia silikoni gani, ile gundi ya kuunganishia vioo? Mafundi wengi wa madirisha wana ile ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia ukungu. Hiyo dawa inaingia kwenye maji. Tangi linatakiwa silikoni tupu, isiyo na nyongeza, ile inayonuka siki ikiwa mbichi, na iachwe ikauke walau siku mbili, mimi naacha wiki nzima. Inusie pembe za tangi lako. Siki ukiisikia mpaka leo, hukusubiri.

#8 MzeeWaTangi
Fundi, klorini ingewaua Alhamisi hiyo hiyo. Inachoma matamvua ndani ya saa chache. Hawa wamekaa siku nne.

#9 SilikoniMwandamizi
Ikiwa nyingi. Ikiwa kidogo inawadhoofisha, halafu kingine kinamalizia. Na hata hao bakteria unaowasubiri wewe klorini inawaua vilevile.

#10 NyaliKwetu
Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu, swali moja ambalo hakuna aliyekuuliza. Hapo sebuleni mlipuliza dawa ya mbu?

Nauliza kwa sababu mimi yamenikuta. Kamba wangu zaidi ya hamsini walikufa usiku mmoja. Asubuhi wamelala wote ubavu, miguu inatetemeka. Samaki wa tangi la pili, chumba kingine, hawakuguswa. Dawa nyingi za kupulizia zimetengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto. Zinapiga mishipa ya fahamu ya mdudu. Na kamba na mdudu ni ukoo mmoja, wote wana ganda nje na miguu ya vifundo. Kinachomuua mbu kinamuua kamba, kwa kiasi kidogo mno. Pampu yako ya hewa iko wapi? Kama iko chini sebuleni, basi inavuta ile hewa yenye dawa na kuipuliza moja kwa moja majini.

#11 KimaraMwisho
Nimesoma hii nikaketi chini. Jumapili usiku mama yake alipuliza. Pampu iko sakafuni nyuma ya kochi.

#12 Mwanagenzi_Tz
Duh.

#13 TangaRaha
Bado nauliza, maiti ziko wapi? Dawa inaua, haifichi maiti. Saba hawapo. Wako tumboni.

#14 DaktariWaMifugo
Naomba nichangie kidogo. Huyo mmoja mweupe, unayeona upande wa pili: je, mgongoni ana mpasuko, na macho yake ni matupu? Kama ndivyo, huyo hakufa. Hilo ni ganda. Kamba akikua anavua ganda zima, hadi ngozi ya macho na vinyweleo vya ndevu, anatoka na ngozi laini, anajificha siku moja mbili mpaka ngozi mpya ikaze. Maiti ya kamba huwa na rangi ya waridi iliyofifia kama kamba aliyepikwa, si kioo. Ganda usilitoe, wanarudi kulila kwa ajili ya madini yake.

Kwa samaki: msikimbilie dawa. Baadhi ya dawa za samaki zina shaba na shaba ni sumu kali kwa kamba. Kama una chumvi ya mezani, gramu moja kwa lita inasaidia endapo tatizo ni nitriti. Nitriti inaingia kwenye damu kupitia matamvua na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni. Samaki anahema wakati maji yana hewa tele. Chumvi inagombea mlango ule ule wa kuingilia. Tangi lako ni lita 63 kwa hesabu ya vioo, ukitoa kokoto na nafasi ya juu ni 50 hivi, basi gramu 50, yeyusha kwanza pembeni, tia kidogo kidogo.

#15 MzeeWaTangi
Daktari, nitriti siku ya nne? Kwa kawaida amonia ndiyo inaanza, nitriti inafuata wiki ya pili.

#16 DaktariWaMifugo
Kweli, ndiyo maana nimesema "endapo". Bila kipimo tunabahatisha sote. Nyongeza: ukali wa amonia unategemea pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Maji yakiwa pH 7, sehemu yenye sumu ni chini ya asilimia 1. Yakiwa pH 8 na joto la Dar inakaribia asilimia 7. Watu wawili wenye amonia ile ile, mmoja samaki wake wanaogelea, mwingine anazika. Mleta mada, bomba lako ni la mtandao wa mji au kisima?

#17 KimaraMwisho
Mtandao wa mji, ila wiki ile maji yalikatika, nikanunua kwa boza. Alisema ni ya bomba. Sina uhakika.

Ganda ni kweli! Nimeligusa kwa kijiti, jepesi kabisa, limepasuka mgongoni, na ndevu zipo. Nimemwonyesha mtoto, amelihifadhi kwenye kiberiti.

#18 Sangara_Mwanza
Wakati mnaendelea, mimi nina neno. Hawa wadogo mnawaita kamba, kwetu ziwani wa saizi hii ni uduvi. Ukienda usiku na wavuvi wa dagaa utawaona kwenye wavu, wamechanganyika, wanaangaza chini ya taa. Jina lao la kitaalamu *Caridina nilotica*, na hao wekundu wa dukani ni ndugu zao wa Asia. Sangara alipowamaliza furu, wale samaki wadogo wa ziwani, uduvi wakajaa, na sangara wadogo wakageukia kuwala hao. Sasa mtu analipa hela kununua uduvi wa Taiwan!

#19 NyaliKwetu
Uduvi kwetu ni wale waliokaushwa, wa kupikia. Akiwa hai anaogelea ni kamba, hata awe mdogo vipi.

#20 BiMkubwaUnguja
Uduvi ni uduvi, awe hai awe mkavu. Kamba ni yule wa kushika mkononi. Na kamba koche ni mwingine. Mmeshakula nyote, jina tu linawashinda.

#21 Kigoma_Ujiji
Sangara umesema jambo la maana, na mimi naliongeza. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato, wengi wao hawapatikani popote duniani isipokuwa humo. Vijana wanapiga mbizi kuwakamata hapa Kigoma, samaki wanafungwa kwenye mifuko ya oksijeni, wanapanda ndege kwenda Ujerumani na Marekani. Mzungu wa Hamburg anajua jina la samaki wa mwamba wa kijiji chetu. Sisi tunaletewa samaki wa Kichina anayeteseka kwa joto. Samaki wetu wanapenda maji magumu, yaani yenye madini mengi, ya pH karibu na 9 na nyuzi 25 au 26. Maji ya visima vya Dar mnayoyalalamikia kwa ugumu wangeyafurahia.

#22 BiMkubwaUnguja
Na sisi Unguja tuna kisamaki cha madimbwi, *Nothobranchius guentheri*, dume ana rangi utafikiri kanga mpya. Dimbwi likikauka wakubwa wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope mpaka mvua nyingine. Nimewaona kwa macho yangu shambani kwa marehemu babu. Madimbwi yenyewe sasa yanafukiwa, watu wanajenga.

#23 ChugaBaridi
Turudi kwenye mada. Mleta uzi, umepima joto?

#24 KimaraMwisho
Nimeazima kipimajoto. Saa nane mchana nyuzi 30 na nusu. Saa kumi na mbili asubuhi 28.

#25 ChugaBaridi
Basi hapo. Weka feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji, acha kifuniko wazi. Maji yakigeuka mvuke yanapoa, ni kazi ile ile ya mtungi wa udongo. Utashusha nyuzi 2 au 3, ila utakuwa unajazia maji kila siku.

#26 Athi_River
Chuga, hebu ngoja. Unasema maji baridi yana hewa nyingi. Ni kweli ukiwa pwani. Sisi huku Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yenyewe ni nyepesi. Maji ya nyuzi 20 hapa yanabeba oksijeni asilimia 80 hivi ya yale ya pwani kwa joto hilo hilo. Piga hesabu: 9.1 mara 0.8 ni 7.3. Ni ile ile ya Dar kwenye nyuzi 30! Na samaki wangu wako shwari. Kwa hiyo si oksijeni peke yake.

Halafu Singapore na Bangkok, ambako wanazalisha hawa samaki kwa biashara, kuna joto la Dar mwaka mzima. Wanaishi.

#27 ChugaBaridi
Hesabu yako siipingi, na sikuwahi kuifikiria. Ila samaki wako kwenye nyuzi 20 anatumia kidogo, wa Kimara kwenye 30 anatumia karibu mara mbili. Pochi sawa, matumizi tofauti. Na huko Bangkok wana mabwawa mapana na pampu kubwa, si lita 50.

#28 MzeeWaTangi
Hapo kwenye lita 50 tumefika kwenye kiini. Huyu samaki mwenye mkia wa pacha anafika sm 15 hadi 20. Mwenye mkia mmoja anapita sm 25. Anaishi miaka 10, wengine 20. Binti wa miaka saba atamaliza sekondari na samaki wake bado yupo. Watatu ndani ya sm 60 ni kama ng'ombe watatu kwenye choo. Panga mapema tangi la 90 kwa 45 kwa 45, hilo ni lita 180 na ushee. Meza iwe imara, maji peke yake ni kilo 180.

#29 Mwanagenzi_Tz
Mzee, wakikua sana si nikawaachie tu Mto Ruvu?

#30 Sangara_Mwanza
Kijana, usithubutu. Sisi wa ziwani tunajua maana ya kuleta samaki mgeni majini. Sangara aliletwa miaka ya 1950, aina ngapi za furu babu yangu alizokuwa anazitaja kwa majina sijawahi kuziona. Na gugu maji nalo lilianza kama ua la mapambo. Samaki akikushinda mpe mtu mwenye bwawa lililozungushiwa kuta.

#31 KimaraMwisho (Jumatano usiku)
Wakuu, mmoja amekufa jana, yule aliyegoma kushuka. Nilimweleza mtoto ukweli, kwamba baba hakujua maji yanahitaji muda. Tumemzika chini ya mpapai. Ameuliza kama na sisi tungeweza kufa kwa maji mapya. Sikuwa na jibu zuri.

Hali ya sasa: samaki wawili, wote wanaogelea katikati. Feni ipo. Pampu nimeipandisha dirishani ivute hewa ya nje, dawa ya mbu marufuku sebuleni, tunatumia chandarua. Chakula mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili, na kopo la chakula liko juu ya kabati. Jirani wa Mbezi anafuga muda mrefu, amenikamulia sponji yake ndani ya tangi langu, maji yakawa ya kahawia kama chai, kesho yake yakang'aa. Kamba wawili nimewahamishia kwenye chombo chao cha lita 20.

#32 MzeeWaTangi
Hiyo sponji ya jirani ndiyo dawa kuliko zote zilizotajwa humu. Umepewa bakteria wa miaka. Endelea kubadilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili, mpaka mwezi uishe.

#33 SilikoniMwandamizi
Na pembe umezinusa?

#34 KimaraMwisho
Nimenusa. Siki hakuna. Ila fundi nilipompigia hakumbuki alitumia ipi.

#35 KimaraMwisho (wiki tano baadaye)
Nimerudi, kwa sababu kuna jambo sikulitegemea.

Samaki wako salama. Nilipata vipimo kupitia yule jirani: amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati kidogo. Leo nimetoa sponji niikamulie kwenye maji ya tangi kama mzee alivyofundisha, nisitumie maji ya bomba. Nyuma yake, kwenye ule uwazi kati ya sponji na kioo, kuna kamba. Mwekundu, mkubwa kuliko nilivyomnunua. Kajibana humo wiki zote hizi! Nimemmulika kwa tochi: chini ya tumbo ana mayai ya rangi ya njano kama punje za mtama zilizobanana, na anayapepea kwa vile vijiguu vya nyuma bila kupumzika. Binti yangu amepiga magoti mbele ya kioo tangu saa kumi, chakula amekataa.

#36 MzeeWaTangi
Alhamdulillah. Sasa NyaliKwetu atuambie, dawa ya mbu ilimruka vipi huyu?

#37 NyaliKwetu
Nyuma ya sponji maji yanapita taratibu. Inawezekana dawa ilimfika kidogo tu. Bado nasimama na neno langu, wengine iliwapata.

#38 TangaRaha
Wengine waliliwa. Huyu alipata pa kujificha, basi.

#39 DaktariWaMifugo
Au alikuwa amejificha kuvua ganda. Lile la kwenye kiberiti huenda ni lake.

Mleta uzi, mayai hayo yatachukua wiki tatu hivi. Mhamishe taratibu pamoja na maji yake, umtoe na kikombe, usimtoe na wavu, asije akaangusha mayai.

#40 KimaraMwisho
Anauliza watatoka wangapi.

#41 DaktariWaMifugo
Ishirini, thelathini. Wakibaki na samaki, hakuna hata mmoja.

#42 KimaraMwisho
Nimemsomea. Amekwenda kukinga ndoo mwenyewe, na kifuniko amekirudisha jikoni.